Mtoto anakoroma kila usiku: asubiri, apuliziwe dawa, atolewe nyama za pua, au atolewe na mafindofindo?

Mzazi akitoka kwa daktari wa masikio, pua na koo na karatasi iliyoandikwa "upasuaji", mara nyingi ameelezwa njia moja tu. Kumbe kwa mtoto mwenye nyama kubwa nyuma ya pua na mafindofindo yaliyojaa koo, njia ziko nne na kila moja ina mtoto inayemfaa: kusubiri huku mnafuatilia, dawa ya kupuliza puani, kutoa nyama za pua peke yake, au kutoa nyama pamoja na mafindofindo (tonsesi, kama wengi wanavyoyaita). Ipo na ya tano, ya kukata kimeo, ambayo tutaigusa ili tuikatae.

Yanayoamua ni mambo mawili. La kwanza ni jinsi mtoto anavyopumua usiku. La pili wazazi wa Mwanza, na hasa wa visiwani, hawaulizwi vya kutosha: siku ya saba baada ya upasuaji, mtoto atakuwa wapi?

Kabla ya kuchagua, mrekodi usiku

Vipimo kamili vya usingizi ni adimu kwetu, lakini simu ipo. Mvue mtoto shati, washa taa, umrekodi dakika mbili hadi tatu kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri, maana pumzi huziba zaidi usingizi unapokuwa mzito wa ndoto. Kifua na tumbo vionekane vyote viwili, na sauti isikike. Daktari hatafuti ukali wa kukoroma. Anatafuta kimya: kifua kinahangaika, hewa haiingii, sekunde zinapita, kisha mtoto anashtuka kwa mkoromo kama aliyekuwa anazama. Anaangalia pia kama sehemu iliyo chini ya shingo na kati ya mbavu inabonyea ndani, na kama shingo imekunjwa nyuma.

Andika na haya: anakoroma usiku mangapi kwa wiki (zaidi ya matatu ni habari), anatoka jasho shuka linalowa, ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, uzito hauongezeki kwenye kadi ya kliniki, mwalimu analalamika kwamba hatulii. Mtoto aliyekosa usingizi mara nyingi hasinzii mchana kama mtu mzima. Huruka-ruka na kuwa mkorofi, na wengi huchapwa kwa kosa la pua.

Eksirei ya shingo inayopigwa kwa upande husaidia kuona ukubwa wa nyama, ila ipigwe mtoto akiwa ametulia, mdomo umefungwa, anavuta hewa kwa pua. Akilia au akimeza mate wakati wa kupiga, nyama laini za koo hujikunja na picha huonyesha njia iliyoziba kuliko ilivyo. Picha ya namna hiyo isitumike kuamua upasuaji.

Kuna watoto ambao hawapo kwenye ulinganisho huu kabisa. Mtoto anayetoa sauti ya mluzi au ya kukwaruza anapovuta hewa akiwa macho, au ambaye sauti yake imekauka na inazidi kupotea mwezi hadi mwezi, tatizo lake liko kwenye zoloto (kisanduku cha sauti) au chini yake. Baadhi wana vinundu vinavyoota kwenye nyuzi za sauti kutokana na kirusi cha HPV, aina ya 6 na 11, na hutibiwa pumu miezi mingi bila nafuu. Na aliyeanza ghafla kukohoa na kuforota baada ya kupaliwa karanga au punje ya mahindi ana kitu kwenye njia ya hewa hata kama sasa anaonekana mzima. Hao waende hospitali ya rufaa leo, wasisubiri tarehe ya kliniki.

Kusubiri dhidi ya dawa ya pua

Nyama za pua hukua hadi mtoto anapofika miaka 5 hadi 7, kisha huanza kunywea zenyewe. Kwa hiyo kusubiri ni tiba halali kwa mtoto anayekoroma bila kukatika pumzi, anayekua vizuri na kusikia vizuri. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwagawa watoto wa miaka 5 hadi 9 waliokuwa wanaziba pumzi usingizini, wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakasubiri. Baada ya miezi 7, vipimo vya usingizi vilikuwa vimerudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa na asilimia 46 ya waliosubiri. Karibu nusu walipona bila kisu. Lakini tabia, usingizi na maisha ya kila siku viliboreka zaidi kwa waliopasuliwa, na waliokuwa na hali mbaya sana hawakuingizwa kwenye utafiti ule. Usiutumie kumcheleweshea mtoto ambaye midomo inageuka bluu.

Dawa ya kupuliza yenye steroidi, kama mometasone, hupunguza uvimbe wa nyama na ni chaguo zuri la kwanza pale hali ni ya wastani, hasa kwa mwenye mafua ya mzio: anapiga chafya asubuhi, anajikuna pua, macho yanawasha. Kwa miaka 2 hadi 11 kawaida ni mpulizo mmoja kila tundu mara moja kwa siku, kwa wiki 6 hadi 12. Fluticasone wengi huianzia miaka 4.

Dawa hii hushindwa zaidi kwa namna inavyopulizwa kuliko kwa ubovu wake. Mzazi hupuliza juu ya kamasi, kwa hiyo haifiki kokote. Au huielekeza katikati, kwenye ukuta unaogawa pua, mtoto akatoka damu na dawa ikaachwa wiki ya pili. Au hupuliza siku pua imeziba tu, kana kwamba ni dawa ya maumivu. Fanya hivi: osha pua kwanza kwa maji ya chumvi (nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yatengenezwe upya kila siku). Subiri dakika kumi. Tikisa chupa. Kichwa kiiname mbele kidogo, ncha ielekee nje upande wa jicho, na mtoto asivute kwa nguvu, maana akivuta anaimeza. Kwa tundu la kushoto tumia mkono wa kulia, na kwa la kulia mkono wa kushoto. Ukibadilisha mikono, ncha yenyewe inaukwepa ukuta wa kati.

Matone ya kuzibua pua yanayouzwa maduka ya dawa ni kitu kingine. Yakizidi siku tano, pua huziba zaidi yanapoachwa.

Kimeo

Kando ya ziwa na kwingineko nchini bado wapo wakata vimeo, na mtoto mwenye kikohozi kisichoisha hupelekwa kwao kabla ya zahanati. Kimeo karibu kamwe si chanzo cha kikohozi cha mtoto, wala hakizuii hewa kama mafindofindo. Anayekohoa wiki kadhaa ana pumu, kifua kikuu, kamasi zinazoteremka nyuma ya pua, au kitu alichopaliwa. Kisu kinachopita kutoka koo hadi koo huleta VVU na pepopunda, na damu ya kimeo huingia kwenye mapafu ya mtoto anayelia. Kuna hasara nyingine isiyosemwa: kimeo kilichogawanyika pacha humwonya daktari kwamba kaakaa laini huenda lina mpasuko uliofichwa chini ya ngozi. Mtoto wa aina hiyo akitolewa nyama za pua zote, sauti yake huanza kutokea puani na chai humtoka puani. Kimeo kikiwa kimeshakatwa, onyo hilo limepotea. Kwa hiyo kama kilikatwa, mwambie daktari. Hakuna atakayekugombeza, na kama yupo, vumilia.

Nyama peke yake, au na mafindofindo?

Ukishafika kwenye kisu, swali ni kiasi gani kitolewe. Zote hufanywa kwa nusukaputi kupitia mdomoni, bila kidonda cha nje, na kazi yenyewe huwa chini ya saa moja.

| | Nyama za pua peke yake | Nyama na mafindofindo yote | Nyama, na mafindofindo yaliyopunguzwa |
|---|---|---|---|
| Maumivu | siku 2–4 | siku 7–10, kilele siku ya 3–6 | hupungua mapema kuliko kutoa yote |
| Shule | baada ya wiki 1 hivi | wiki 2 | wiki 1 hadi 2 |
| Damu ya kuchelewa | nadra sana | wachache kwa kila 100, hasa siku ya 5–10 | nadra kuliko kutoa yote |
| Kuota tena | hutokea, hasa kwa wadogo sana | mafindofindo kuota tena ni nadra sana | hutokea kwa wachache |

Mtoto anayekoroma, mdomo wazi mchana na usiku, mafindofindo madogo: nyama za pua peke yake zinatosha. Hali kadhalika mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio. Huyo hasikii vizuri, anaongeza sauti ya redio, anajibu ukimtazama tu. Maji hayo husubiriwa miezi mitatu kwa sababu mengi hukauka yenyewe. Yasipokauka, na mtoto ana miaka 4 au zaidi, kutoa nyama pamoja na kuweka kijibomba kwenye ngoma ya sikio ni chaguo linaloeleweka.

Pumzi inayokatika usiku na mafindofindo yanayokaribia kugusana: toa vyote. Kutoa nyama tu kwa mtoto huyu ili "tuone kwanza" mara nyingi ni kumlaza thieta mara mbili. Kupunguza findo bila kufika kwenye ganda lake la nje hulinda misuli ya koo, ndiyo maana maumivu na damu hupungua. Ni chaguo letu la kwanza kwa mtoto ambaye shida yake ni kuziba hewa tu, pale ambapo daktari ana kifaa na mazoea nayo. Asiye na mazoea nayo afanye anayoijua.

Koo linalouma kila mara ni sababu tofauti, na hapo hesabu ndiyo inaamua: vipindi 7 ndani ya mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au 3 kila mwaka kwa miaka mitatu, kila kipindi kikiwa kimeandikwa na mhudumu pamoja na dalili kama homa inayozidi nyuzi 38.3, usaha kwenye findo au tezi za shingo zilizovimba. "Anaumwa koo kila wiki" bila daftari si hesabu. Chini ya hapo, upasuaji humpa mtoto nafuu ndogo kwa maumivu ya siku 7 hadi 10. Lakini kusubiri hapa hakumaanishi kuacha kutibu: koo la bakteria lisilotibiwa ndilo mlango wa homa inayoharibu valvu za moyo. Amoksilini imalizwe siku 10, hata kama koo limepoa siku ya tatu.

Damu ya mtoto, kabla ya kisu

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye selimundu (sickle cell) nyingi nchini, na mtoto mwenye selimundu anaweza kufika miaka minne bila kupimwa. Pima kabla, hata kama hajawahi kuugua. Kwa mwenye nayo, baridi ya thieta, kiu ya kufunga na oksijeni kushuka vyote huamsha maumivu na kuziba mishipa ya kifua. Hulazwa siku moja kabla, huwekewa dripu, hupewa joto, na mara nyingi huongezwa damu hadi himoglobini ifikie gramu 10 hivi kwa desilita. Hilo ni jambo la hospitali kubwa. Kwa wengine wote, malaria na minyoo zitibiwe kwanza na wingi wa damu upimwe. Mtoto wa kilo 15 ana damu ya lita moja na robo tu mwilini, kwa hiyo kikombe cha chai kilichomwagika kwake si kidogo.

Upasuaji huahirishwa kwa sababu mbili ndogo kila mara. Mafua au kikohozi chenye homa ndani ya wiki mbili zilizopita: koo hujifunga ghafla wakati wa nusukaputi, kwa hiyo sema ukweli. Na uji wa alfajiri. Chakula, uji na maziwa ya ng'ombe ni mwisho saa sita kabla ya nusukaputi, maziwa ya mama saa nne kabla, maji matupu saa mbili kabla. Bibi anayempa kikombe cha uji saa kumi na moja "apate nguvu" amefuta upasuaji wa saa tatu asubuhi, na asiposema, uji huo unaweza kuishia mapafuni. Jino linalocheza nalo litajwe kwa mtaalamu wa usingizi.

Hospitali ipi: iliyo karibu, kambi, au Bugando?

Watu hulinganisha bei na foleni. Tunashauri mlinganishe usiku. Damu ya baada ya kutoa mafindofindo huja mara mbili: ndani ya saa 24 za kwanza, na tena siku ya 5 hadi ya 10, ukoko mweupe unapobanduka. Hiyo ya pili humkuta mtoto nyumbani. Uliza hospitali yoyote: saa nane usiku, nani atamrudisha mtoto thieta? Damu ya kuongeza ipo? Mtaalamu wa usingizi amezoea watoto? Baada ya upasuaji kuna mashine ya kupima oksijeni usiku kucha, au moja inazunguka wodi nzima?

Kambi za madaktari bingwa zinazofika wilayani zinafaa sana kwa uchunguzi, na hata kwa nyama za pua peke yake. Kwa mafindofindo tunasita: daktari akiondoka siku ya tano, damu ya siku ya saba inabaki na nani? Kama hospitali ya wilaya ina mpasuaji mwenyeji anayejua kuizuia, sawa. Kama hana, chukua rufaa.

Bugando, iliyoko Mwanza, ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda. Wapelekwe huko moja kwa moja wenye umri chini ya miaka 3, uzito mdogo, selimundu, ugonjwa wa moyo, sindromu ya Down, au pumzi inayokatika vibaya, na walale wodini angalau usiku mmoja. Anayetoka Sengerema sasa ana daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, na haitegemei feri tena. Anayetoka Ukerewe, Ukara au Kome bado ana maji katikati, na hakuna chombo cha abiria kitakachong'oa nanga usiku wa manane kwa ajili ya koo linalovuja. Huyo, akitolewa mafindofindo, abaki kwa ndugu mjini siku 14. Kama hakuna ndugu wala pesa ya chumba, mwambie daktari mapema. Hapo kupunguza mafindofindo badala ya kuyatoa yote, au kuendelea na dawa ya pua hadi shule zifungwe, huwa uamuzi bora kuliko ule wa kitabuni.

Siku kumi na nne

Paracetamol miligramu 15 kwa kilo kila saa sita, kwa saa na si kwa kilio, siku saba za mwanzo. Mtoto wa kilo 16 anapata miligramu 240, yaani mililita 10 za dawa ya maji yenye 120 kwa mililita 5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha nyumbani. Ibuprofeni, daktari akiiruhusu, ni miligramu 10 kwa kilo kila saa nane baada ya kula. Aspirini hapana. Dawa ya kikohozi yenye kodeini hapana kabisa: ini la baadhi ya watoto huigeuza kuwa mofini kwa kasi, na mtoto aliyekuwa tayari anaziba pumzi huacha kupumua usingizini. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataza kwa watoto baada ya upasuaji huu mwaka 2013. Tramadol nayo hapana. Antibayotiki baada ya upasuaji kwa kawaida haihitajiki.

Maji ndiyo dawa ya pili. Koo kavu huuma zaidi, mtoto akakataa kumeza, koo likakauka zaidi. Nusu saa baada ya dawa mpe kinywaji, halafu mtori, ugali laini na mchuzi, sato aliyetolewa miiba yote. Kutafuna kunasaidia, kwa hiyo si lazima aishi kwa uji. Dagaa wa kukaanga na bisi vingoje.

Utando mweupe kooni si usaha, na mdomo kunuka ni kawaida hadi siku ya kumi hivi. Sikio kuuma pia ni kawaida, maumivu ya koo hupanda huko. Maumivu kurudi siku ya tano hayamaanishi dawa imeharibika. Cha kuogopa ni mtoto aliyelala anayemeza, anameza tena, anameza tena: anameza damu. Mwamshe, washa taa, mtazame koo. Damu mbichi yoyote, au matapishi kama kahawa, ni safari ya hospitali usiku huohuo hata kama imesimama njiani. Akae wima, ainame mbele, ateme, asile wala kunywa.

Kukoroma kunaweza kuendelea wiki mbili au tatu kwa sababu ya uvimbe. Kukiendelea baada ya wiki nane, rekodi video nyingine na urudi, hasa kama mtoto ni mnene au ana sindromu ya Down, maana kwao kuziba hubaki mara nyingi. Aliyewekewa kijibomba sikioni anaweza kuoga nyumbani bila wasiwasi. Kupiga mbizi ziwani hapana, mpaka kijibomba kitoke chenyewe, kwa kawaida ndani ya miezi 6 hadi 18, na kichocho ni sababu nyingine ya kumzuia.